Jinsi ya Kuepuka Uchovu wa Ubunifu katika Kazi ya Matangazo

Mtu anayeandika au kusanifu matangazo hulipwa ili atoe kitu ambacho asubuhi hakikuwepo, akitoe kabla ya saa iliyopangwa, kisha akikabidhi kwa watu ambao wengi wao wana mamlaka ya kukikataa bila kulazimika kueleza sababu. Akiifanya kazi hiyo miezi mfululizo bila kupumua, hufika mahali ambapo ukurasa mtupu unamchosha hata kabla hajauandika. Ushauri anaopewa kwa kawaida ni kuchukua likizo, kulala mapema na kufanya mazoezi. Ushauri huo si mbaya, ila likizo haitibu brifu mbovu, yaani maelezo mabaya ya kazi anayopewa mbunifu: mbunifu hurudi kazini akiwa na nguvu mpya, na nguvu hizo huisha ndani ya wiki moja kwa sababu kilichozimaliza bado kipo palepale mezani. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na namna kazi inavyoingia, inavyoendeshwa na inavyotoka mikononi mwa mbunifu, ndipo unafika kwenye mapumziko.

Hali yenyewe, ambayo kwa Kiingereza huitwa burnout, imeelezwa kitaalamu kwa muda mrefu. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliiandikia makala mwaka 1974 baada ya kuwachunguza watumishi wa kliniki zilizotoa huduma bila malipo, na jambo aliloliona linawahusu moja kwa moja watu wa matangazo: walioathirika hawakuwa wavivu, bali wale waliojitoa zaidi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linaitaja kuwa ni hali inayotokana na msongo wa kazi uliodumu bila kudhibitiwa, na linaihesabu kuwa jambo la mahali pa kazi, si ugonjwa. Mpangilio huo una maana kwa msomaji wa mwongozo huu, kwa kuwa jambo linalozaliwa kazini linapaswa kuanza kushughulikiwa kazini.

Hatua ya kwanza: Bainisha aina ya uchovu ulio nao

Hali tatu hufanana kwa nje. Ya kwanza ni uchovu wa kawaida, ambao huondoka ukilala vizuri siku chache. Ya pili ni kukwama, pale ambapo kazi moja imegoma ilhali nyingine zinakwenda. Ya tatu ndiyo tunayoizungumzia hapa. Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye pamoja na Susan Jackson alichapisha mwaka 1981 kipimo kinachotumika hadi leo, anaieleza kwa dalili tatu zinazokwenda pamoja: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa kejeli, na kuhisi kwamba unachofanya hakina thamani na wewe mwenyewe hufai.

Katika chumba cha wabunifu, dalili ya pili ndiyo iliyo ngumu kuitambua, kwa sababu kejeli huko huheshimiwa kama kipaji. Mzaha kuhusu mteja ni wa kawaida na mara nyingi huwasaidia watu kuvumilia. Jiulize maswali yafuatayo. Je, unamdharau pia mtu atakayeliona tangazo, yule mnunuzi wa kawaida ambaye zamani ulifurahia kumfikiria? Je, unachagua wazo kwa sababu litapita haraka na si kwa sababu ni zuri? Je, unapoona kazi nzuri ya mtu mwingine, moyo wako hauna tena wivu wala furaha? Mwandishi anayesema kwa hasira kwamba kaulimbiu ya mshindani wake ni bora kuliko yake bado yu hai kikazi. Anayesema kwamba kaulimbiu zote ni sawa tu ndiye wa kuangaliwa.

Ukiona kwamba huzuni na kukosa hamu vimekufuata hadi nje ya kazi, kwenye chakula, familia, ibada na michezo uliyoipenda, usiendelee na hatua zinazofuata kana kwamba zitatosha. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inahitaji daktari.

Hatua ya pili: Andika mahali saa zako zinapokwenda

Kwa wiki mbili, andika kila mwisho wa siku umetumia muda gani katika mambo manne: kubuni kitu kipya, kurekebisha kilichokwisha kubuniwa, kukaa vikaoni, na kusubiri. Usisahau kusubiri, maana ndilo jambo ambalo watu wengi hawalihesabu. Mbunifu anayesubiri maoni ya mteja hadi saa moja jioni, kisha akaambiwa yote yanahitajika kesho asubuhi, amefanya kazi siku mbili kwa malipo ya siku moja, na siku ya kwanza kati ya hizo haikumpa hata raha ya kutengeneza kitu.

Maslach na mwenzake Michael Leiter walitaja maeneo sita ambayo mtu na kazi yake huweza kugongana: wingi wa kazi, uwezo wa kuamua, malipo na kutambuliwa, ushirikiano, haki, na maadili. Pitia daftari lako la wiki mbili ukiwa na maeneo hayo kichwani. Wabunifu wengi huanza kwa kulalamikia wingi wa kazi, lakini wakisoma walichoandika huona kwamba kidonda kiko kwenye uwezo wa kuamua: kazi nyingi imefanywa, ikafutwa, ikafanywa tena, na hakuna wakati wowote ambapo aliyeitengeneza aliulizwa maoni yake. Wapo pia ambao tatizo lao ni maadili, yaani wanatangaza bidhaa wasiyoiamini au wanaombwa kusema jambo ambalo ni nusu ya ukweli. Huyo wa mwisho hatasaidiwa na ratiba nzuri. Anahitaji kuomba ahamishiwe kwa mteja mwingine, na aombe mapema, kabla hajaanza kujichukia.

Hatua ya tatu: Usianze kubuni kabla brifu haijakamilika

Hapa ndipo nguvu nyingi zaidi zinapookolewa, kwa hiyo inafaa tukae kidogo. Brifu ni maelezo ya kazi ambayo mbunifu hupewa na mtu anayemhudumia mteja. Brifu mbaya haionekani kuwa mbaya siku ya kwanza. Huonekana siku ya nane, mteja anapokataa wazo la tatu kwa kusema kwamba halikuwa na kile alichokitaka, na kumbe kile alichokitaka hakikuandikwa popote. Mawazo matatu yamekufa, na aliyeyazaa anaamini kwamba yeye ndiye dhaifu.

Kabla ya kuandika neno la kwanza au kuchora mstari wa kwanza, hakikisha brifu inajibu mambo haya kwa maandishi. Tangazo linatakiwa kumfanya mtu afanye nini au aamini nini ambacho sasa hakifanyi au hakiamini? Mtu huyo ni nani, kwa maelezo yanayozidi umri na jinsia? Ni jambo gani moja tu ambalo lazima alikumbuke? Kuna ushahidi gani wa jambo hilo? Nini ni lazima kiwepo, kama vile nembo, onyo la kisheria au bei? Litatokea wapi: redioni, barabarani, kwenye simu? Na la mwisho, ambalo ni zito kuliko yote, nani hasa ndiye mwenye kauli ya mwisho?

Swali hilo la mwisho huachwa mara nyingi kwa sababu ya aibu. Watu huona ni utovu wa adabu kuuliza kama meneja wa masoko aliyeketi mbele yao ana mamlaka ya kuidhinisha au bado kuna mkurugenzi ambaye hawajamwona. Basi uliza kwa njia inayompa heshima: "Tungependa kazi hii ipite kwa mara moja. Je, kuna mtu mwingine ambaye maoni yake tungefaa kuyapata mapema, kabla hatujafika mbali?" Anayeulizwa hivyo huwa anajibu, tena kwa shukrani, maana naye anamwogopa mkurugenzi huyohuyo.

Brifu ikiwa na malengo manne, usijaribu kuyatimiza yote ndani ya bango moja. Rudisha brifu ikiwa na malengo hayo yamepangwa kwa uzito kadiri ulivyoelewa, na uombe uthibitisho. Tuseme kampuni ya bima imeomba tangazo litakaloongeza wateja vijana, lirudishe imani ya wateja wa zamani, litambulishe programu mpya ya simu, na lionyeshe kwamba kampuni ina miaka mingi sokoni. Andika: "Tumeelewa kwamba kijana apakue programu ndilo lengo kuu, na kwamba historia ya kampuni itatumika kama ushahidi tu. Tukiwa tumekosea, tafadhali tujulisheni kabla ya kesho mchana." Sentensi mbili kama hizo huchukua dakika kumi kuandikwa na huweza kuokoa wiki nzima.

Wapo watakaosema kwamba mbunifu kijana hana ubavu wa kurudisha brifu. Ni kweli kwamba hawezi kuikataa. Lakini kuandika alivyoielewa na kuomba uthibitisho si kukataa, na sijawahi kuona mtu akikaripiwa kwa sababu ya kuelewa kazi kupita kiasi.

Hatua ya nne: Lipe wazo muda wa kukaa bila kuguswa

Graham Wallas alieleza mwaka 1926 kwamba fikra bunifu hupita katika vipindi vinne: kujiandaa, kuliacha jambo liatamie, kuangaziwa, na kuhakiki. James Webb Young, aliyefanya kazi katika kampuni ya matangazo ya J. Walter Thompson, aliwafundisha watu wa fani yake mpangilio unaokaribiana sana na huo: kusanya, tafuna, liache, litakuja, kisha lichonge. Ratiba nyingi za kampuni za matangazo zina nafasi ya kukusanya na ya kuchonga, na hazina nafasi ya kuliacha. Hapo ndipo mbunifu anapoketi saa sita mbele ya kompyuta akijaribu kulazimisha kwa nguvu jambo ambalo halilazimishwi, na anaondoka akiwa amechoka kuliko ambavyo kazi yenyewe ingemchosha.

Mwaka 2009 Ut Na Sio na Thomas Ormerod walikusanya na kuchambua tafiti nyingi kuhusu jambo hili, na wakaona kwamba kuliacha tatizo kwa muda husaidia kweli, hasa pale linapohitaji mawazo mengi tofauti, ambayo ndiyo hali ya matangazo. Waliona pia kwamba faida ni kubwa zaidi kwa aliyejiandaa kwa muda mrefu kabla ya kuliacha. Kwa maneno mengine, kupumzika kabla ya kuisoma brifu hakuatamii chochote.

Kwa kazi ya siku tano, basi, mpangilio unaofaa ni huu. Siku ya kwanza soma kila kitu, zungumza na mtu anayeijua bidhaa, kisha andika mawazo mengi kwa haraka bila kuyahukumu, yakiwemo yale ya aibu, kwa sababu mawazo ya kwanza kwa kawaida ndiyo ambayo kila mtu angeyapata na yanahitaji kutoka njiani. Jioni funga faili. Siku ya pili usiifungue hadi mchana. Asubuhi hiyo fanya kazi nyepesi za mteja mwingine, au tembea. Marily Oppezzo na Daniel Schwartz walionyesha mwaka 2014 kwamba watu hutoa mawazo mengi zaidi wanapotembea kuliko wanapoketi, hata wakitembea ndani ya chumba wakitazama ukuta mtupu, kwa hiyo huhitaji bustani wala mandhari. Siku ya tatu chagua. Siku mbili za mwisho ni za kuchonga na kuhakiki.

Ndani ya siku moja nako kuna la kulinda. Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 kwamba mtu anapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla ya kuimaliza ya kwanza, sehemu ya akili yake hubaki nyuma. Mbunifu anayehudumia wateja wanne na kujibu ujumbe kila unapoingia hana akili nzima kwa yeyote kati yao. Tenga angalau kipindi kimoja cha saa mbili kila siku ambacho wenzako wanajua kwamba hujibu, na ukitumie kwa mteja mmoja tu.

Kuna imani iliyozoeleka katika fani hii kwamba mawazo mazuri huja dakika za mwisho. Teresa Amabile na wenzake, katika utafiti wa shajara za wafanyakazi waliouchapisha mwaka 2002, waliona kwamba chini ya shinikizo kubwa la muda watu walijiona wabunifu zaidi, ilhali shajara zao zilionyesha kinyume. Waliona pia hali ambayo shinikizo halikuharibu: pale mtu alipoachwa akazanie jambo moja na akaamini kwamba haraka hiyo ina sababu ya kweli. Kwa hiyo usiogope tarehe ya karibu yenyewe. Ogopa tarehe ya karibu inayokuja pamoja na vikao vitatu na simu kumi.

Hatua ya tano: Yawekee marekebisho mipaka

Idadi ya awamu za marekebisho iandikwe katika mkataba au katika barua ya kuanza kazi. Mbili au tatu zinatosha kwa kazi nyingi, na zinazozidi hapo zilipiwe. Lengo si kumwadhibu mteja. Mteja anayejua kwamba ana awamu mbili hukusanya maoni ya ofisi yake yote kabla ya kuyatuma, wakati asiye na ukomo hutuma wazo moja asubuhi, jingine mchana, na la tatu linalopingana na la kwanza usiku.

Maoni yapitie kwa mtu mmoja na yawe kwa maandishi. Kisha jifunze kuyageuza. Mteja kwa kawaida huleta dawa badala ya ugonjwa: "Kuzeni nembo," "Wekeni rangi nyekundu," "Ongezeni maneno." Mbunifu anayetekeleza dawa asiyoiamini huchoka haraka, kwa sababu anakuwa mkono tu. Uliza ugonjwa ni upi: "Je, mnahofu kwamba mtu hatajua tangazo ni la nani?" Akijibu ndiyo, sasa una tatizo la kutatua, na kutatua tatizo ndiyo kazi uliyoipenda tangu mwanzo. Pengine utaikuza nembo vilevile, lakini utakuwa umeamua.

Jambo jingine linalohusiana na hili ni programu za akili mnemba, ambazo sasa zinaweza kutoa picha arobaini na vichwa vya habari mia kwa dakika chache. Zinapunguza kweli kazi ya mikono. Zikitumiwa bila kipimo, hata hivyo, zinahamisha uchovu kutoka kutengeneza kwenda kuchagua, na kuchagua kati ya vitu mia vinavyofanana kunachosha kwa namna isiyo na ladha. Amua kabla ya kuanza ni matoleo mangapi utakayoyaangalia, na umwonyeshe mteja mawazo matatu hata kama unayo thelathini.

Hatua ya sita: Jua la kufanya na mawazo yaliyokataliwa

Sehemu kubwa ya yale unayoyabuni haitatoka kamwe. Hilo ni umbile la fani yenyewe, na ambaye hajalipatia utaratibu atalichukulia kama hukumu juu ya nafsi yake kila mara. Weka faili moja ambamo kila wazo lililokataliwa linaingia likiwa na mistari miwili: lilihusu nini na lilikataliwa kwa sababu gani. Sababu ikiwa haikutolewa, andika hivyo. Baada ya miezi kadhaa soma faili hiyo yote kwa pamoja. Utaona kwamba mawazo mengi yalikufa kwa bajeti kukatwa, mkurugenzi kubadilishwa, au bidhaa kuahirishwa, na machache tu kwa sababu yalikuwa mabaya. Ujuzi huo huwezi kuupata ukiwa katikati ya uchungu wa kukataliwa. Baadhi ya mawazo hayo, yakiwa hayana siri za mteja wa kwanza, yatafaa kwa mwingine.

Mashindano ya kumwania mteja mpya yanahitaji tahadhari yake. Kampuni hukesha wiki mbili au tatu bila malipo, kisha hushindwa, na kesho yake watu wanatakiwa warudi kwenye kazi za kawaida zilizorundikana. Aliyeingia katika shindano apunguziwe kazi nyingine kabla halijaanza, na siku inayofuata baada ya matokeo, yawe mazuri au mabaya, isiwe na kazi ya kubuni. Kikao kifupi cha kujifunza kilichotokea kinafaa, lakini si siku hiyohiyo.

Hatua ya saba: Jaza pale unapochota

Wabunifu wengi hutafuta msukumo kwa kutazama matangazo yaliyoshinda tuzo. Hilo linafaa kwa kujifunza ufundi, ila kama chakula cha kila siku lina madhara mawili: unajilinganisha na kazi bora za dunia nzima siku ambayo kazi yako ni tangazo dogo la punguzo la bei, na mawazo yako yanaanza kufanana na ya kila mtu anayetazama ukurasa uleule. Soma mambo yasiyohusu biashara. Kaa sokoni au kituoni usikilize watu wanavyozungumza, maana lugha ya tangazo zuri huchotwa huko.

Kuhusu mradi wa binafsi, ushauri uliozoeleka ni kwamba kila mbunifu awe nao. Nakubali kwa sharti. Sabine Sonnentag, ambaye amechunguza kwa miaka mingi namna watu wanavyopata nafuu baada ya kazi, anataja pamoja na kustarehe mambo matatu: kujitenga na kazi kiakili, kujifunza jambo jipya, na kuwa na mamlaka juu ya muda wako. Mradi wa binafsi unaotimiza hayo ni tiba. Mradi wenye ratiba, wafuasi wa kuridhisha na idadi ya waliopenda ni mteja mwingine asiyelipa. Afadhali ujifunze kushona, kulima au kupiga ala, kitu ambacho kwacho hakuna anayekusubiri, na ambacho mwezi wa kwanza utakifanya vibaya bila aibu.

Hatua ya nane: Ifunge siku

Kazi isiyokwisha humfuata mtu nyumbani. E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba huhitaji kuimaliza ili ikuache; kupanga bayana utaimalizaje kunatosha kupunguza mawazo yanayoingilia. Kabla ya kuondoka, andika kwa kila kazi iliyo wazi hatua inayofuata na lini utaifanya. Usiandike "kampeni ya benki." Andika "Kesho saa tatu asubuhi, andika vichwa kumi vya tangazo la redio kwa kuanzia na swali la mama mwenye duka."

Makundi ya ujumbe kwenye simu ndiyo mwanya mkubwa. Ufaransa iliweka sheria, iliyoanza tarehe 1 Januari 2017, inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutojibu mawasiliano ya kazi nje ya saa. Mahali ambapo sheria kama hiyo haipo, makubaliano ya timu yanaweza kufanya kazi yake: jambo la dharura lipigiwe simu, na ujumbe wa maandishi usubiri asubuhi. Watu wanaotuma ujumbe usiku kwa wepesi hufikiri mara mbili kabla ya kupiga simu.

Hatua ya tisa: Kama unaongoza wengine, rekebisha mzigo kabla ya utamaduni

Mfano mchungu zaidi katika fani hii ni wa kampuni ya Dentsu nchini Japani. Desemba 2015 mfanyakazi wake mwenye umri wa miaka 24 alijiua baada ya kufanyishwa saa nyingi mno za ziada. Mwaka 2016 mamlaka za kazi zilitambua kwamba kifo hicho kilitokana na kazi kupita kiasi, na mwaka 2017 mahakama iliitoza kampuni faini ya yeni 500,000. Dentsu ilianza kuzima taa za makao yake makuu saa nne usiku. Kuzima taa ni ishara njema, lakini taa zikizimwa na kazi ikabaki ileile, kazi huhamia mezani nyumbani. Anayeongoza anatakiwa aanze na hesabu: timu ina saa ngapi za kubuni kwa wiki, na imeahidi kwa wateja saa ngapi? Tofauti ikiwa kubwa, hakuna semina ya afya ya akili itakayoiziba. Ama wateja wapunguzwe, ama watu waongezwe, ama tarehe zisogezwe.

Baada ya hesabu ndipo njoo kwenye mwenendo. Kazi inayokataliwa ikataliwe kwa sababu iliyotajwa. Wateja wanaochosha wazungushwe, asibaki nao mtu mmoja mwaka mzima. Bill Bernbach, mmoja wa waasisi wa kampuni ya DDB mwaka 1949, alijulikana kwa kumkalisha mwandishi na msanifu pamoja tangu mwanzo wa kazi. Faida inayotajwa mara nyingi ni ubora wa matangazo, lakini ipo pia ya pili: wazo likikataliwa, kuna watu wawili wa kulibeba.

Anayejiajiri hana kiongozi wa kumlalamikia, na hatua ya tatu na ya tano kwake ni za lazima mara mbili. Aongeze moja: asipange saa zake zote za wiki kwa wateja, kwa kuwa kutafuta kazi na kudai malipo ni kazi pia.

Hatua ya kumi: Ikiwa umekwisha kuchoka, omba mabadiliko yenye majina

Mtu aliyefika hapo hujikuta akimwambia mkubwa wake kwamba amechoka, na mkubwa, hata akiwa na nia njema, humpa siku tatu za mapumziko. Nenda na daftari la wiki mbili na uombe mambo yanayoweza kujibiwa kwa ndiyo au hapana: kuondolewa kwa mteja fulani kwa miezi mitatu, kutoingizwa katika shindano linalokuja, kupewa asubuhi mbili zisizo na vikao. Ukiomba likizo, omba iendane na angalau moja kati ya hayo, yaani urudi kwenye kazi iliyobadilika.

Ukirudi, usianze na kampeni kubwa ili kuthibitisha kwamba bado unaweza. Anza na kazi ndogo yenye brifu safi na mteja anayejulikana, ambayo unaweza kuiona ikitoka ndani ya wiki mbili. Ongeza uzito taratibu, huku ukiendelea kuandika daftari lile la saa. Ikiwa baada ya miezi mitatu mambo uliyoyaomba yamekubaliwa kwa maneno na hayajatekelezwa, una maandishi ya kutosha kuamua kama utaendelea kuombea hapo au utapeleka kazi zako mahali pengine.